Ncha ya Mshipi Mweusi

Wageni wengi wa mji wa Tarragona, Uhispania, huishia kwenye kanisa kuu, wakapiga picha wakaondoka, bila kujua kwamba kila Ijumaa jioni, uani nyuma ya soko, watu hufanya mazoezi ya kupandana mabegani mpaka wawe mnara. Chini kabisa husimama mwoka mikate. Mikono yake ina makovu ya tanuri, na mnara wenyewe hajawahi kuuona, maana akishabebeshwa watu huinamisha kichwa na kuuma ukosi wa shati.

"Mkate wako leo mgumu kama mgongo wako!" Remei, anayewapanga watu, humtania.

"Ndiyo maana mnanikanyaga bila woga."

Kabla ya kubeba hujifunga kiunoni mshipi mweusi wa kitambaa, mrefu kuliko chumba. Hunyoosha ncha nyuma bila kutazama. Miaka yote mkewe, Neus, ndiye huipokea na kuivuta, naye mwoka mikate hujizungusha kumwelekea mpaka mgongo ukaze.

Ijumaa hii, ya kwanza tangu wamzike Neus, alinyoosha ncha nyuma vilevile. Remei aliona, akabaki alipo. Aliyeipokea ni mgeni, mama wa makamo aliyepotea njia, akidhani anaombwa msaada. Akavuta kwa nguvu zake zote.

Mwoka mikate akafumba macho, akaanza kujizungusha. "Kaza, Neus, usinionee huruma."

Mshipi ulipokwisha, akafumbua macho, akakutana na uso wa mgeni.

"Umekaza vizuri, mama," alisema, kisha akauma ukosi wa shati, na hakuna mtu aliyekuwa amempanda bado.