Mashine Niliyoinyoosha Nikaipinda

Nina karakana ya milango Mji wa Kale, na aibu hii bado yanichoma. Nachonga kwa mashine ya kompyuta. Juzi nilibadilisha mota inayozungusha kisu, ikabidi niisimamishe wima kabisa juu ya meza. Nikaifungia kipimo chenye mshale, nikakizungusha juu ya ubao wa meza. Upande mmoja ulikuwa juu. Nikalegeza skrubu na kuilaza mota kidogo kidogo hadi mshale ukatulia pande zote, nikajiona fundi wa mafundi.

Mlango wa kwanza ulikuwa wa Bi Rukia, wa harusi ya bintiye. Ulitoka na ngazi ngazi kila kisu kilipopita. Alipokuja kuutazama, nikailaumu mashine.

"Na kadi ya harusi niliyokuletea?" akauliza.

"Iko nyumbani, kwenye kabati la vioo. Mke wangu huipanguza kila siku."

Akaridhika. Nami, kumthibitishia kwamba kosa si langu, nikaung'oa ubao wa meza mbele yake aone ulivyonyooka. Chini ya pembe moja palikuwa na kadi nene ya rangi ya dhahabu. Niliisokomeza mwenyewe ili ubao usitikisike, nikasahau. Ndiyo iliyouinua ubao, na mota nzima nikaipinda kuufuata.

Bi Rukia aliiokota, akapuliza vumbi la mbao, akasoma jina la bintiye polepole.

"Nisalimie mkeo, fundi," alisema. "Mwambie leo amesahau kuipanguza."