Guangzhou, Mpaka Msikitini

Asubuhi ile tulikuwa dukani kwetu Hillbrow, mimi na kaka Shabani, tunauza kava za simu. Wote Warundi, wote wa mtaa wa Buyenzi. Yeye alikaa Guangzhou, kule kwa Wachina, miaka sita, anatembeza Waafrika wanaokwenda kununua mzigo, na mwezi uliofuata tulikuwa twende pamoja. Basi akawa ananifundisha mji, anauchora kwa kalamu juu ya boksi.

"Ukitoka Xiaobei, kule kwa weusi wenzetu, unakata wapi?"

"Kushoto."

"Kushoto unaenda kwa nani? Kulia, kichwa maji wewe. Utapotea unitie aibu."

Nikacheka. Hapo ndipo tuliposikia vioo vinapasuka barabarani, kisha risasi.

Kuna watu wananiambia ile haikuwa vita, zilikuwa fujo tu za kufukuza wageni. Eish. Wao walikuwa kwao wanaangalia tivii. Mimi nimezaliwa Buyenzi, milio ya bunduki naijua.

Tulishusha geti la chuma. Kaka akaniwekea kidole mdomoni.

"Nyamaza. Watapita."

Na kweli walikuwa wanapita. Ila mmoja wao alimjua kaka, alikuwa mteja wetu. Akagonga geti, akamwita Shabani kwa jina, akamtukania mama yake.

Mama Shabani ndiye aliyenilea.

Nikamrudishia tusi kwa Kizulu, kwa sauti yangu yote.

Risasi ikapita getini.

Haikunipata mimi.

Nilimburuta mpaka stoo ya nyuma. Ilimwingia pajani, juu kabisa. Nilifunga kwa shati langu, likalowa. Nikapiga simu ya ambulensi, wakasema hawaingii mtaa ule bila polisi. Nje bado wanavunja. Yeye macho yanamfumba.

"Usilale, kaka. Nitembeze Guangzhou. Tumetoka Xiaobei, tumekata kulia."

Alikuwa ananong'ona. Tukapita kwa Wachina Waislamu wanaochoma kondoo. Tukaingia mitaa ya zamani, vichochoro vyembamba, nguo zimeanikwa juu ya vichwa vyetu, wazee wanacheza karata. Kisha msikiti wa kale, mnara wake mweupe, laini kama mshumaa.

"Vua viatu," akasema.

"Nimevua."

"Mwongo."

"Tukishaswali tunakwenda wapi?"

Nikamuuliza tena. Nikamtikisa, nikamuuliza tena.

Polisi walifika saa tisa alasiri, wakamfunika uso. Boksi la ramani lilikuwa limelowa damu, wakalitupa na takataka nyingine.

Watu wananiambia si kosa langu, aliyepiga risasi ni yule. Sawa. Mdomo ni wangu.

Guangzhou sikwenda. Lakini vijana wanaokwenda kule wanakuja kwangu niwaelekeze njia. Nawatoa Xiaobei, nawapitisha kwenye nyama, kwenye vichochoro, nawafikisha msikitini. Wakiniuliza kutoka hapo wanaelekea wapi, nawaambia sijui.

Hawaniamini. Wanadhani nawaficha masoko.