Kabati la Bibi la Nusu Mbili

Mwezi uliopita nilikuwa namsubiri mtu kwenye hoteli moja Dar es Salaam, nikaona kabati la droo limesimamishwa ukutani, juu yake maua. Lilikuwa na pembe za shaba na vishikio vilivyozamishwa ndani ya mbao, na katikati lilipita mstari mwembamba unaoonyesha kwamba ni makabati mawili, moja juu ya jingine. Mhudumu akanieleza kwa upole kwamba maofisa wa vita vya zamani walisafiri nalo, linagawanyika kuwa mizigo miwili. Nikamwambia najua, nililibeba la namna hiyo nikiwa mtoto. Akacheka kwa adabu.

La kwetu lilikuwa la bibi yangu, huko Katindiuka, pembeni ya Ifakara, miaka ya tisini. Kama umekulia bonde la Kilombero, huna haja ya kuelezwa mambo ya kuhamia shamba: mvua zikishika, nyumba inafungwa, watu wanavuka mto na kuku na sufuria, wanakwenda kukaa kwenye dungu, kibanda cha shambani kilichoinuliwa juu ya nguzo, mpaka mpunga uvunwe. Wenzetu walihama na magunia, sisi tulihama na kabati. Bibi aliifungua miguu minne ya kabati kwa kuizungusha, akaifunga kwenye kitenge. Baba mdogo alijitwisha nusu ya juu, mama nusu ya chini, kila mmoja na ngata yake kichwani. Mimi nilipewa droo ya chumvi na samaki wakavu. Mpaka leo nikisikia harufu ya perege wa moshi nakumbuka kabati kabla sijakumbuka chakula.

Huko ng'ambo tuliamka kwa kelele za madebe ya kufukuza ndege, tukala ubwabwa wa mpunga mpya, na nguo zetu zilitoka droo za chini zikinukia vizuri, hazijaguswa na mende. Majirani walitutania kwamba tunahama kama bwana shauri wa enzi za ukoloni.

Sasa baba mdogo alikuwa anataka nyumba ya bibi iezekwe bati, maana nyasi zilikuwa zinavuja. Mtu akamwambia mjini kuna wanaonunua vitu vya kale. Siku moja mthamini akashuka kwenye treni, akaletwa nyumbani, akamwamkia bibi shikamoo, na kabla hajakaa akaanza kazi. Alichomoa droo zote, akazigeuza, akanusa mbao, akapitisha kucha kwenye maungio. Shaba aliisifu. Akauliza mbona mbao za chini zimesuguka kiasi kile, mama akamwonyesha ngata.

Kisha akamulika tochi pale nusu mbili zinapokutana. Vijiti viwili vya nusu ya juu viliingia kwenye matundu mawili ya nusu ya chini, lakini matundu yale, alisema, yalichomwa kwa chuma cha moto. Tena juu ni mtiki, chini ni mti wa kafuri.

"Mama, haya mawili hayakuzaliwa pamoja."

"Najua," bibi akajibu. "Hata mimi na mzee hatukuzaliwa pamoja."

Ndipo tukasikia habari yenyewe. Wakati wa vita ya Mjerumani, baba yake bibi na baba yake babu walikuwa wapagazi, kila mmoja na mzigo wa ofisa wake. Maofisa walipokimbia, kila mpagazi alibaki na kilichokuwa kichwani. Miaka mingi nusu moja ilikaa kwa kina bibi, chini kwenye udongo, haina miguu, na nyingine kwa kina babu. Bibi alipoolewa, baba yake akasema nusu yake iende naye. Babu akapasha chuma moto.

Mthamini alisikiliza vizuri, kisha akasema lililounganishwa hivyo halina soko. Nusu ya juu peke yake angeichukua, na bati la nyumba nzima lingepatikana. Baba mdogo akamtazama bibi. Nusu ile ilikuwa ya baba yake bibi, hakuna ambaye angemlaumu. Bibi alirudisha droo mahali pake, moja baada ya nyingine.

"Mpeni mgeni chakula," alisema, "treni isije ikamwacha."

Masika ile nyumba ilivuja kama kawaida.

Bibi alipofariki, siku ya kuondoa tanga wakubwa waligawa mali kwa haki, bila ugomvi wowote. Nusu ya juu akapewa shangazi, ikaenda Mlimba. Ya chini akapewa baba. Kile ambacho mthamini alishindwa, sisi tulikimaliza kabla ya chai. Inaniuma, ingawa simwoni wa kumlaumu. Siku hizi daraja lipo, watu wanakwenda shamba kwa bodaboda na kurudi jioni, na kabati la kubebwa kichwani halina kazi.

Nusu ya chini sasa iko sebuleni kwangu. Matundu mawili aliyoyachoma babu yanatazama juu, na watoto wangu huchomeka penseli humo. Wanadhani yalitobolewa kwa ajili ya penseli.