Kila Kitu Kitoke Nje Kwanza

Kabati langu limegoma kufungwa. Nilidhani bawaba zimekufa, nikamwita fundi seremala wa hapa hapa Hamugembe, mjini Bukoba. Akaja amelowa mvua, kashati kamemganda mgongoni, akafungua mlango mmoja, akafungua wa pili, akacheka. "Mama, kabati ni zima," akaniambia. "Mgonjwa ni yaliyomo." Nikampa chai ya moto kwa ukweli wake, akanywa, akaenda zake bila kupiga hata msumari mmoja.

Wewe mwenzangu unalijua kabati la aina hiyo, usijifanye hulijui. Mlango wa kulia una magauni niliyoyavaa mara ya mwisho kwenye harusi za watu ambao leo wanasomesha. Kuna vitenge vya sare, kila msiba na rangi yake, kila kikundi cha akina mama na ua lake. Kuna mitumba niliyoibeba kwa sababu ilikuwa rahisi, nikijua kabisa kwamba hainienei. Haba na haba hujaza kibaba, na kabati pia.

Mlango wa kushoto ndio wenye kesi. Huko ziko nguo za marehemu mume wangu, na mbele ya zote limening'inia koti lake zito la kijivu, la mvua na la kanisani. Watoto wangu walianza kuniambia kwa upole, sasa wananiambia kwa ukali, kwamba miaka miwili inatosha. Mimi huwajibu kwamba nitazipanga Jumamosi. Jumamosi ngapi zimepita, usiniulize.

Siku ile fundi alipoondoka nilikaa kitandani nikitazama koti. Mvua ilikuwa imekatika, watoto wa jirani wanakimbiza senene, panzi wetu wa kuliwa, na kando ya barabara kuna mtu alikuwa amefyeka nyasi. Harufu yake mbichi ikaingia dirishani. Mara nikajikuta nina umri wa miaka tisa, nimesimama uani kwa bibi yangu, Muleba, na vitu vyote vya nyumba vimetolewa nje.

Kama hukukulia huku kwetu, nikueleze. Nyumba ya bibi haikuwa na saruji. Sakafu ilitandikwa nyasi, tena si za kubahatisha. Zilikuwa nene, zimepangwa vizuri, mguu ukizama unasikia raha. Mtoto akianguka alicheka tu. Mara mbili kwa mwaka, kabla ya Krismasi na kabla ya Pasaka, nyasi za zamani zilibebwa zikawa matandazo kwenye kibanja, chini ya migomba, na mpya zikaletwa na akina mama wa jirani, mzigo kwa mzigo. Na huwezi kubadili nyasi huku vitu vimekaa juu yake. Kwa hiyo kila kitu kilitoka nje: masufuria, vigoda, mikeka, majembe, sanduku la bati la nguo, hata picha ya Bikira Maria.

Kutoka kulikuwa rahisi. Kazi ilikuwa kurudi. Bibi alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, shavu moja limevimba kwa kahawa ya kutafuna, na kila kitu kilichotaka kuingia kiliulizwa swali moja: "Kazi yake nini?" Sufuria iliyotoboka ikasimamiwa kesi na shangazi, akasema ni ya kuwekea mbegu, ikaingia. Kikapu kisicho na mpini kikakosa wakili, kikaenda jikoni kuwashia moto. Nguo iliyochakaa ikawa tambara, nguo iliyobana ikaenda kwa mtoto wa jirani. Mwalimu wetu wa shule alipita siku moja akamtania kwamba akiba haiozi. Bibi akamjibu, "Mwalimu waitu," kwa heshima ya Kihaya, "nguo huoza." Ilikuwa miaka ile ya ujamaa na kujitegemea, tuliimba asubuhi mstarini hadi sauti zikakauka, lakini bibi alikuwa amejitegemea tangu kabla ya wimbo kutungwa. Alikuwa na nguo za shamba, za kushindia na za kutokea, na zote zilijaza nusu ya sanduku. Nusu ya pili ilikuwa wazi. Alisema nyumba inayokula tu bila kutoa itakufa kwa tumbo.

Nguo alinunua mara moja kwa mwaka, kahawa ikishauzwa. Jana yake alitandaza nguo zote mkekani akazitazama moja moja, maana alisema mtu asiyejua alichonacho atarudi na kile kile. Asubuhi tulikula ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage hadi tukashindwa kuinama, kwa sababu mwenye njaa hununua kwa macho. Halafu basi la Bukoba. Siku hizo rafu za maduka zilikuwa na khaki, amerikani na subira. Hilo halikumtisha bibi. Alikamata kitambaa akakifinya ngumini, akakiachia aone kama kinajikunja. Akakiinua kwenye mwanga aone kama nyuzi zimeshikana. Kama ni cha rangi, alilowesha pembe kwa mate akaisugua kwenye leso yake nyeupe aone kama kinachuja. Mwenye duka alivumilia yote. Bado mimi hufanya hivyo sokoni, isipokuwa lile la mate, na wajukuu zangu hujitenga nami kama hatujuani.

Mwaka ninaousema tulikwenda kununua poplini nyeupe. Padri alikuwa amepanga watoto wapokee Komunyo ya Kwanza siku ya Krismasi, na mimi nilikuwa miongoni mwao. Fundi cherehani alikuwa mzee wa Kiislamu mwenye kofia safi, babu zake walitoka pwani, na Kiswahili chake kilitiririka hadi bibi akawa anatega sikio upande mmoja. Walibishana kuhusu pindo.

"Fundi, weka pindo la miaka mitatu, waitu."

"Bibi yangu, pindo la miaka mitatu ni gauni la pili ndani ya la kwanza."

"Basi nishonee yote mawili."

Mzee alicheka hadi akaondoa mguu kwenye cherehani, na pindo likawekwa.

Ndani ya basi, tukirudi, bibi akanigeukia. "Jeupe limeingia. Lipi linatoka?" Hiyo ndiyo ilikuwa sheria: ikiingia moja, itoke moja. Nilijua jibu tangu tunakwenda. Nilikuwa na gauni la njano lenye vifungo vitano vyeupe mbele na mifuko miwili. Mikono yake ilikuwa imenikwama tangu mwaka uliotangulia. Bibi akauliza, "Lile la njano, kazi yake nini?" Nikanyamaza, nikatazama migomba dirishani.

Gauni lile alilishona mama yangu kwa mkono, kubwa, la kukulia. Mama na baba walishindwana nikiwa na miaka mitano, mama akarudi kwao, na mimi, kwa desturi yetu, nikabaki upande wa baba, kwa bibi. Baba alikuwa akivua samaki kisiwani Bumbire, tukimwona kwa nadra. Jina la mama halikutajwa nyumbani. Hakuna aliyenikataza kulitaja, ila mtoto akikuta mlango umefungwa hudhani umefungwa kwa sababu yake. Nilimkumbuka mama kila siku. Nililala na gauni lile chini ya kichwa na sikumwambia mtu.

Basi nikafanya la kufanya. Nililificha chini ya nyasi, kwenye kona ya kitanda changu. Mtoto wa huku kwetu, mwenye akili zake, anaficha kitu chini ya nyasi wiki moja kabla ya Krismasi! Hesabu yangu ilikuwa kwamba kona yangu hutolewa nyasi na mimi mwenyewe, kwa hiyo nitalichomoa kabla hazijaondolewa. Sikujua kwamba siku ya nyasi ndiyo siku ambayo padri atatuita sote kuungama.

Niliporudi kutoka kuungama nyumba ilikuwa inanukia. Nyasi mpya, kijani, hadi kwenye kona yangu. Nilikimbilia kibanja, nikapekua matandazo chini ya migomba yote ya nyuma ya nyumba, mvua ikininyeshea, mikono imejaa udongo. Bibi akaja akasimama. "Unatafuta nini?" Nikasema sitafuti kitu. Dhambi zilikuwa zimeondolewa saa moja tu iliyopita, na tayari nilikuwa na mpya.

Krismasi ikafika. Nikavaa jeupe langu na pindo lake la miaka mitatu linalonigonga miguuni. Tukapanga mstari, mikono imekunjwa, kwaya inaimba, na pale upande wa wanawake, mstari wa pili, nikaliona gauni langu la njano. Lilikuwa limesimama juu ya benchi. Ndani yake alikuwamo binti mdogo wa jirani yetu, mama mmoja mwenye watoto wengi aliyekuja kusaidia kubeba nyasi. Mama huyo alikuwa amelikuta katikati ya mzigo wa nyasi za zamani, akaamini bibi amelitupa, akalifua. Hadi siku ile mtoto yule alikuwa akivaa shati la baba yake lililokatwa mikono. Nilijua hivyo, na bado nilitaka kumvua pale pale mbele ya altare. Nilipokea Komunyo yangu ya Kwanza nikiwa na hasira, Mungu anisamehe.

Nje ya kanisa watu walinipongeza. Bibi alinitazama usoni, akanivuta pembeni. "Sema," akaniambia.

"Gauni la mama," nikasema, na kilio kikaniponyoka.

 Nilidhani bibi atanichapa. Alichukua ncha ya kanga yake akanifuta kamasi, maana jeupe lilikuwa hatarini.

"Nilikuuliza kazi yake, ukanyamaza," akasema. "Ungeniambia kazi yake ni kumkumbuka mama yako, lingerudi sandukuni. Hiyo nayo ni kazi. Mama yako nilimpenda. Mimi na yeye hatukushindwana." Kisha akajitengeneza kanga. "Twende tukaliombe. Litarudi leo."

Tukaenda. Nilitangulia mbele kama mshindi. Nyumbani kwa jirani tulimkuta yule mtoto ameketi mlangoni, mikono yote miwili ndani ya mifuko. Hakuwahi kuwa na mifuko maishani mwake. Mmoja alikuwa ameujaza senene wa kukaanga, akiwatoa mmoja mmoja, akila taratibu ili wasiishe. Aliponiona akanyoosha mkono akanipa mmoja. Nikala. Alikuwa na chumvi ya kutosha.

Bibi akamweleza jirani kwa Kihaya, polepole. Mama wa watu aliona aibu, akainuka kumvua mwanawe pale pale. Mtoto hakulia. Alitoa senene wake mfukoni, akawaweka juu ya jani la mgomba, ajiandae kuvuliwa. Kile kitendo ndicho kilichonishinda. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Aliache. Nipe kifungo kimoja tu."

 Jirani akaleta wembe, akakata kifungo cha juu, akaniwekea kiganjani. Bibi akaenda nyumbani, akarudi na mkebe wake wa vifungo na sindano, akakosa cheupe, akashonea cheusi. Tangu hapo gauni lile lilikuwa na vyeupe vinne na cheusi kimoja, nikaweza kulitambua hata likiwa ng'ambo ya bonde. Nililiona likikua na yule mtoto, likahamia kwa mdogo wake, likahamia kwa wa tatu. Kila nilipoliona nilimkumbuka mama, na sikuhitaji tena kulificha. Bibi akaanza kumtaja jina tukila. Miaka miwili baadaye alimtumia ujumbe aje, akaja, nikamwonyesha kifungo, akacheka huku machozi yakimtoka.

Nyumba ile haipo tena. Baba zangu wadogo walijenga ya matofali, sakafu ni saruji, inafagiliwa na inang'aa. Sisemi ni vibaya. Nyasi zilikuwa na viroboto, usidanganywe na anayekumbuka. Lakini saruji haikudai kitu. Hakuna tena siku mbili za mwaka ambazo nyumba inakulazimisha utoe ulichonacho mwangani ukitazame, na akina mama waje na mizigo kichwani wakucheke. Siku hizi kila mmoja amejifungia na kabati lake.

Basi Jumamosi iliyofuata ilikuwa Jumamosi kweli. Nilitandika mikeka uani, mimi na mjukuu wangu tukatoa kila kitu, mlango wa kulia na wa kushoto. Nilimfundisha swali, na yeye akalikamatia chini. Magauni yangu ya harusi yalihojiwa kama washitakiwa. Ilipofika zamu ya koti la kijivu hata yeye alishusha sauti. "Bibi, hili kazi yake nini?"

Nililishika. Nikasema kazi yake ni kumkumbuka babu yako. Halafu nikasema lina kazi nyingine pia, ya kuzuia mvua, na hiyo haijafanyika miaka miwili. Nikachukua wembe nikakata kifungo cha juu, nikashonea kingine, cha kahawia, kwa sababu ndicho kilichokuwepo. Cha kijivu nikakiweka kwenye mkebe wangu wa vifungo, pamoja na kile cheupe. Kisha nikamwita yule fundi seremala, nikampa. Aliinua koti, akaniangalia, akasema, "Mama, mimi nilikuja kwa ajili ya mlango tu." Nikamwambia mlango sasa unafunga.

Jumapili ilinyesha tangu alfajiri. Wakati wa Komunyo koti lilipita karibu nami, mabega yamelowa, kifungo cha kahawia kimeng'aa shingoni, nikalitambua kabla sijamwona aliyelivaa. Nikalia kidogo. Kisha nikajifuta kwa kanga, nikasimama, nikaingia mstarini nyuma yake.