Kibao cha Mamba Nilikificha Mimi

Nimesoma ujumbe wa Doto mara nne na akili inakataa kabisa. Mama yake, Mama Kulwa, ametutoka jana asubuhi, nyumbani kwake Nkome, ametoka tu kuanika nguo.

Jamani. Wiki iliyopita nilimpigia simu, akanicheka kwamba nimezeeka mpaka sauti.

Naona mnamwandikia mazuri. Mchapakazi, mcheshi, jirani mwema. Yote kweli. Ila kuna mmoja ameandika tumsamehe na lile kosa lake la zamani. Hapo ndipo nimeshindwa kunyamaza. Lile kosa halikuwa lake.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini tulifanya kazi pamoja kwenye nyumba ya mapumziko kando ya ziwa, si mbali na Nkome. Vyumba sita. Mimi meneja, yeye mpishi na mfuaji. Ukweli ni kwamba yeye ndiye aliyejua kazi. Mimi nilijua kuvaa kaunda suti.

Wageni wetu walikuwa wafanyabiashara wa Shinyanga mjini, na wachimbaji wa Nyarugusu waliopata dhahabu wakataka kula sato kwa raha zao. Hawakulijua ziwa.

Mama Kulwa alilijua, alizaliwa pale. Akamwomba seremala ubao, akaandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: MAMBA WAPO. USIOGE ZIWANI. Akaupigilia njiani, pale pa kuteremkia majini.

Kibao kilikaa siku tatu. Mgeni mmoja alikisoma, akabeba mizigo yake akaondoka. Nikaking'oa nikakifungia stoo.

Tulibishana sana. Yeye alitaka mgeni aambiwe akifika tu, hata begi hajatua. Mimi nikamjibu kwa ujeuri kwamba kwetu Samuye mgeni hatangulizwi habari mbaya. Anapewa maji, anakaa, anakula, ndipo anaambiwa. Hata msiba unangoja mtu amalize kula.

Akaniambia, "Baba Mabula, mamba hangoji mtu ale."

Nilimcheka. Mungu anisamehe, nilimcheka mbele ya wafanyakazi wote.

Mwezi haukuisha, akaja fundi cherehani wa Shinyanga na mkewe. Mtu mpole, vumbi la barabara ya Geita limemjaa hadi kwenye kope. Nikamkaribisha, nikampa maji ya kunywa, nikamwambia chakula kinakaribia. Akasema anaoga kwanza. Sabuni zama zile ilikuwa adimu, nikamkatia kipande kwa mkono wangu, tena kwa kujivuna. Bafuni kulikuwa na ndoo. Akasema ndoo ya nini na maji yote yale mbele yake.

Nikamwona anateremka. Nikasema moyoni, akirudi kula nitamwambia.

Mama Kulwa alikuwa nyuma anasuuza mashuka. Aliposikia kelele alinyakua pondo la mtumbwi, akaingia majini na gauni lake, akampiga yule mamba kichwani na machoni mpaka akaachia. Mimi nilikuwa barazani. Sikushuka. Niliogopa, basi, hakuna jina lingine.

Fundi alipona, ila hospitali walimkata mguu chini ya goti. Mtu aliyekula kwa cherehani ya miguu.

Kesho yake bosi akaja amefura. Akatukusanya, akauliza ni kazi ya nani kuwaonya wageni, na kibao alichosikia habari zake kiko wapi. Nikajibu haraka, kabla mtu mwingine hajafungua mdomo: "Ni kazi ya Mama Kulwa. Alikitoa wakati wa usafi, akasahau kukirudisha."

Mama Kulwa aliniangalia tu. Alifukuzwa siku hiyo hiyo, yeye aliyemtoa mtu mdomoni mwa mamba, na mimi nikabaki meneja.

Akaenda kuanika dagaa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Watu wakimwona wanaoneshana, yule ndiye aliyemsahau mgeni. Wanawe wamekua wakiyasikia hayo. Na bado kila nilipopita alinifungia dagaa kwenye gazeti nipeleke kwa mke wangu.

Miaka mingi ilipita ndipo nikathubutu kumuuliza kwa nini siku ile hakusema ukweli. Alikuwa anageuza dagaa, hakuinua hata kichwa. "Funguo za stoo ulikuwa nazo wewe peke yako," akasema. "Nilingoja mtu aulize hilo. Hakuna aliyeuliza." Kisha akataka kujua kama nimekula.

Nilimwahidi nitawaambia wanawe. Sikuwaambia. Leo mvua, kesho mgonjwa, keshokutwa sijisikii. Mtu mzima na mvi zangu nakimbia watoto niliowabeba mgongoni.

Siku hizi naona hoteli za ziwani mitandaoni, picha nzuri, watu wanacheka miguu ikiwa majini. Onyo halipo. Ukiuliza, unaambiwa litafukuza wateja. Wenye hoteli, hayo maneno nayajua, niliyasema mimi. Andikeni getini kwa herufi kubwa. Mwambieni mgeni angali ameshika begi. Atakayeondoka, aende zake mzima.

Kulwa, Doto, wanangu. Mama yenu hakusahau kitu. Aliyekificha kibao ni mimi, aliyemsingizia ni mimi. Kesho nakuja mazishini. Mkinipa nafasi nitayasema haya mbele ya watu wote, wale waliomnyooshea kidole nao wasikie. Mkinikataza kukanyaga uwanjani kwenu, nitasimama barabarani. Ni haki yenu.

Msinipe pole kwenye komenti. Wapeni wao.

Mama Kulwa, umebeba aibu yangu miaka arobaini, na nimengoja mpaka huwezi kunisikia ndipo nikaipokea. Huo ndio woga wangu, ule ule wa barazani. Lala sasa, dada yangu. Lala, jina lako ni safi.