Si Jina Lake Halisi

Salu hakuwa mtu wa kulalamika. Alijua kulima na alijua kunyamaza, na kwa miaka thelathini hayo mawili yalimtosha. Shamba lake la pamba, huko upande wa Ipililo, alilifyeka kwa mikono yake, akang'oa kisiki kimoja kimoja wakati mumewe akihangaika na ng'ombe huko Meatu. Kijiji kizima kinajua. Ila kijiji hicho hakipendi kuitwa barazani kutoa ushahidi.

Mwaka mmoja baada ya mumewe kufariki, lilikuja kundi la utafiti kutoka chuo kikuu. Walikuwa watano, wenye viatu vipya na vishikwambi, wakitaka kujua mambo ya jinsia, tabaka na kabila: nani anamiliki nini, na kwa nini. Aliyemhoji Salu alikuwa binti mpole aitwaye Violeth.

"Mwangaluka, mayu," Violeth alimsalimia, kama mtu aliyeikariri salamu ya Kisukuma garini. "Jina lako tutalificha. Chagua lingine."

Salu alicheka. Tangu lini mtu akajificha kwenye shamba lake mwenyewe? Lakini mgeni hanyimwi kitu kidogo kama jina, akatoa la marehemu mama yake, Nyamizi.

Siku hiyohiyo wakamhoji Masunga, kaka wa marehemu mumewe. Masunga anapenda kusikilizwa kuliko anavyopenda nyama, na mbele ya kinasa sauti alijimwaga: "Lile shamba ni la shemeji yangu. Kalifyeka mwenyewe. Ukoo hauna hata kisiki pale!" Salu aliyasikia akiwa jikoni anawapikia wageni matobolwa. Alifurahi mpaka akaongeza viazi vingine chunguni.

Miaka miwili ikapita. Mtoto wa Masunga akataka kuoa, na Masunga akakumbuka ghafla kwamba shamba lile ni la ukoo. Akaingiza plau asubuhi moja, akalima bila hodi.

Hapo Salu akakikumbuka kitabu. Ripoti ya wale watafiti ilipozinduliwa ukumbini Bariadi, alipewa nakala, akaitunza sandukuni chini ya kanga mpya. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Yeye daftari analo, tena la chuo kikuu! Akaenda nalo kwenye baraza la ardhi la kijiji, kifua mbele.

Josia, katibu wa baraza, akasoma kwa sauti ukurasa uliokunjwa. "Shemeji wa Nyamizi, miaka hamsini na minane, alisema: Lile shamba ni la shemeji yangu. Kalifyeka mwenyewe."

Watu wakaguna. Kila mmoja aliyajua maneno yale ni ya nani. Masunga akasimama taratibu.

"Huyo Nyamizi ni nani?"

"Ni mimi," Salu akajibu.

"Wewe si Salu? Josia, hebu nisomee yale maandishi madogo hapo chini."

Josia akasoma. "Si jina lake halisi. Majina yote na vijiji vimebadilishwa."

Salu akampigia Violeth palepale, simu ikiwa na sauti kubwa ili wote wasikie.

"Samahani sana, mayu," Violeth alisema, na alikuwa analia. "Orodha ya majina tuliifuta. Na sauti pia. Tuliahidi kuwalinda."

"Kunilinda na nani, mwanangu?"

Mara moja tu maishani Masunga alisema ukweli bila kulazimishwa, na wasomi wakauhifadhi vizuri mno hata msemaji wake akakosekana. Baraza likampa Masunga shamba. Salu aliona aibu, halafu hasira, halafu akabaki mtupu. Alikichukua kitabu chake akarudi nyumbani.

Msimu huu anachuma pamba kwenye shamba hilohilo, kibarua wa Masunga. Wiki iliyopita lilikuja kundi jingine, na mwanafunzi mmoja, Winnie, akamfuata mpaka kwenye mstari wa pamba.

"Usiogope, mama, jina lako tutalificha. Tukuite nani?"



"Mtanificha wapi tena?" Salu akauliza, akaendelea kuchuma.

Winnie akaandika kwenye kishikwambi chake: mhojiwa hakutaja jina.