Nyumba ya Mangina Inataka Moshi

Udongo mbichi uliochanganywa na majivu una harufu kama ya mvua iliyoanguka jikoni. Sijui kuisema vizuri zaidi ya hapo. Ndiyo harufu ya nyumba yetu ya Mangina, nyumba ya fito na udongo yenye bati juu, ambayo mama aliipaka kwa kiganja chake, akianzia nyuma ya mlango, mahali ambapo mgeni haangalii. Nyumba njema si mlango, walisema wahenga, na mama aliichukua methali hiyo kama amri. Vyungu vilipangwa kwa ukubwa, majembe yaliegemezwa makali yakitazama ukuta, na uwanja ulifagiliwa kabla kuku hawajatoka. Majirani walipochachusha kakao, ukali wake uliingia hadi kitandani, lakini harufu ya udongo haikushindwa.

Kisha usalama ukaharibika, tukakimbilia Butembo. Tulipanga vyumba vyenye sakafu ya saruji. Mama alifagia mara moja tu, halafu akaketi akiitazama mikono yake. Hofu yake ilikuwa mchwa. Nyumba isiyowashwa moto haina moshi, na bila moshi mchwa hupanda kwenye fito, hula kimya kimya, siku moja paa linakaa chini. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi hatukuwa na nguvu ya kujenga tena. Basi kila wasafiri waliposema barabara imetulia, mama alipanda gari hadi Beni, akachukua pikipiki hadi Mangina, akafagia, akawasha kuni mbichi hadi moshi ukatokea chini ya bati, akarudi. Baba hakupenda.

“Mama Kahindo, utakufa juu ya udongo?”

“Si udongo. Ni nyumba.”

“Mais, lakini nyumba bila batu, bila watu, ni nini?”

“Ndiyo maana ninaenda.”

Likizo kubwa ya mwaka ule alinichukua pamoja naye. Habari za barabara zilikuwa mbaya kwa muda mrefu, hakuwa amekwenda tangu mvua za kwanza, na njia nzima ya pikipiki aliomba rozari nyuma ya mgongo wa dereva. Tulipofika kwenye kona ya mwisho tukaona moshi juu ya bati letu. Siku zile moshi juu ya nyumba ya watu ulikuwa na maana moja tu: imechomwa. Mama aliruka kutoka kwenye pikipiki kabla haijasimama, akakimbia, kiatu kimoja kikabaki barabarani. Nilikiokota nikamfuata. Karibu na uwanja nikasikia harufu: maharage.

Mlangoni alisimama mwanamke mwenye mtoto mgongoni na mwiko mkononi. Baadaye tulijua anaitwa Kavira. Akatabasamu.

“Karibu, mama.”

“Unanikaribisha kwangu?”

Mwiko ukashuka. “Tulikuta mulango iko wazi. Kwetu walichoma yote. Tutaondoka leo, acha tu batoto bakule.”

Mama alimpita mlangoni. Aliingia, akagonga fito moja moja kwa kifundo cha kidole, akainama kunusa pembeni. Hakuna mchwa. Lakini vyungu vilikaa ovyo, jembe lililala sakafuni, na ukuta ulikuwa umepakwa udongo mwekundu wa shamba, umepasuka kama kisigino cha mzee. Juu ya kitanda changu zilikuwa nguo za watoto wengine. Nilitaka awafukuze. Nasema hivyo bila aibu, nilikuwa mtoto na kitanda kilikuwa changu. Yeye, nadhani, alikuwa akipima jambo lingine: akiwatoa, jioni tungepanda pikipiki, na nyumba ingebaki bila moshi, ikiachiwa mchwa.

“Nani alikufunza kupaka na udongo ya shamba?”

“Hakuna mutu. Kwetu ilikuwa nyumba ya mbao.”

“Ah! Batu ba mbao!” Mama akacheka, akafunga kitenge vizuri kiunoni. “Leta majivu.”

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ile sikujua mgeni ni nani, ila jembe tulishika wote. Tulichimba udongo mweupe bondeni, tukakanyaga, tukapaka, tukala maharage yao. Wakati wa kuagana mama alieleza habari ya moshi, ya vyungu, ya majembe. Kavira akauliza kwa sauti ndogo, “Na mukirudia?”

“Tukirudia, tutasukumana mupaka tuenee wote.”

Hatujarudi. Sasa Butembo tuna nyumba ya matofali, na mimi, niliyekuwa nikiota kila siku nyumba ya karo, vigae vyeupe kama maziwa, namaliza kupiga deki kabla wimbo wa simu haujaisha. Ni rahisi, na napenda. Kavira bado anakaa kule. Juzi alipiga simu: binti yake amezaa, wanaomba ruhusa kuvunja ukuta wa chumba changu cha zamani na kuongeza kingine. Mama alinitazama kama anayeniuliza mimi. Nikaitikia kwa kichwa.

“Muvunje,” akawaambia. “Mais mutoe vitu nje kwanza, vumbi isiingie mu chakula.”

Watu husema ukirudi kwenye nyumba ya utotoni unaikuta imepungua. Yetu nitaikuta imeongezeka.